Viungo Watatu, Viungo Vitatu

Darasani nawafundisha: kiungo, viungo, ngeli ya ki-vi.
Kiungo cha mwili kimeteguka. Viungo vya mchuzi vimekwisha.
Lakini uwanjani kiungo ni mtu, ana jasho, ana mama,
kwa hiyo husemi "vitatu", unasema "watatu".
Kidato cha pili huangua kicheko. Usiku huu mimi sicheki.

Stima imepotea Mbale yote tangu magharibi.
Mezani nina mshumaa, insha arobaini sijasahihisha,
na vifuniko kumi na viwili vya soda.
Sheria inataka kumi na kimoja.

Golini mmoja. Mabeki wanne, hao sina neno nao,
wamekaa kama mawe ya Maragoli, mvua iseme itakavyo.
Pembeni wawili. Mbele wawili.
Katikati pamebaki nafasi mbili
na kiganjani nimeshika watatu.

Chavulimu ananyang'anya. Likizo huponda kokoto,
shule ikifunguliwa anaendelea kuponda.
Lakini mwachie mpira akae nao: atautazama
kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani.

Endeki hakimbii. Endeki anangoja.
Mguu wake wa kushoto una macho,
pasi inakufikia kabla hujajua kwamba uliihitaji.
Akipokonywa, anasimama, anashika kiuno,
na sisi tunafungwa yeye akiwa bado ameshika kiuno.

Asava ana mapafu mawili na jingine la akiba.
Yuko kila mahali,
maana yake siku nyingine hayuko popote.

Chavulimu na Endeki: nani apande, nani arudi?
Endeki na Asava: tutacheza vizuri, tutafungwa vizuri.
Chavulimu na Asava: jasho debe zima,
na mpira wenyewe hautaijua njia ya mbele.

Goti langu la kulia linauma, kiungo cha ki-vi,
lililoharibika mwaka ambao mimi ndiye niliyekuwa katikati,
peke yangu, kocha akiwa amejaza washambuliaji kama gunia la viazi.
Kageha anaita kutoka chumbani: "Bado tu?
Si uwapange wote watatu, ulale?"

Anasema kama mtu anayesema ongeza maji.

Nikajaribu. Nne-nne-mbili nikaivunja,
nikaisuka nne-tatu-tatu: Chavulimu chini,
Endeki juu yake kushoto, kiuno chake kikiwa na mlinzi,
Asava kulia, na ruhusa ya kupotea.
Pembetatu. Niliizungusha huku na huku, ilikaa.
Kifuniko kimoja kikadondoka chini ya meza.
Nilizima mshumaa. Nililala kama aliyelipa deni.

Jumamosi, saa nane, wingu limeshavimba.
Uwanja wetu umeinama kuelekea kwenye majani ya chai,
kipindi cha kwanza tunapanda, cha pili tunateremka.
Nikasoma majina kwenye ngazi za darasa.
Lugalia alikuwa amevaa viatu vya kaka yake,
ncha zimejazwa gazeti, kamba mpya, nyeupe.
Mwezi mzima ameshika pembe ya kushoto, hajakosea kitu.
Alisikiliza hadi jina la kumi na moja,
akangoja,
kana kwamba ipo timu yenye la kumi na mbili.

"Sawa, mwalimu," akasema. Akabeba kidumu cha maji.

Tulishinda? Tulishinda, mbili kwa moja,
mvua ya saa tisa ikitupiga migongoni.
Endeki alishika kiuno mara moja tu,
na nyuma yake Chavulimu alikuwepo, tope hadi masikioni.
Wazazi walinishika mkono. Mwalimu mkuu alisema nina akili.
Mimi nilikuwa natazama benchi: kidumu kimejaa,
kamba bado nyeupe.

Leo Jumapili stima imerudi.
Nimesahihisha insha thelathini na tisa,
nimepigia mstari kila "viungo vitatu" palipostahili watu.
Imebaki moja, ya Lugalia, mwandiko wa kuinama
kama uwanja wetu. Kichwa: "Siku Nisiyoisahau".
Aliiandika juzi, kabla ya yote haya, najua.
Nimeirudisha chini ya zote.